Vidonge vya estrojeni au kutembea: kipi kinalinda ubongo wa mama?

Shangazi yangu wa Jinja, mwenye miaka 67, aliniuliza: "Mwanangu, ninunue vidonge vya estrojeni nisije nikaanza kusahau?" Swali lake lina msingi. Estrojeni, homoni ya kike, husaidia seli za ubongo kuungana na kutumia sukari, na hedhi ikikoma, kiwango chake hushuka sana.

Ila umri ndio unaoamua. Mwaka 2003 yalitoka matokeo ya utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 4,500 wenye miaka 65 na kuendelea. Waliomeza estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanana na homoni nyingine ya kike, walipata ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu karibu mara mbili ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mama wa miaka 50 anayeteswa na joto la ghafla na kukosa usingizi ni habari nyingine. Kwake dawa inaweza kufaa, daktari akishapima presha na kuulizia saratani ya matiti. Hata yeye hupewa ili apate nafuu ya dalili hizo, si kulinda kumbukumbu.

Na kutembea? Mwaka 2011, pia Marekani, wazee 120 waligawanywa. Waliotembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, mwaka mzima, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu iliongezeka kwa asilimia 2 hivi. Kwa waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu, ilipungua.

Kwa shangazi sikusita: avae raba, ashuke kuelekea Nile asubuhi, na presha ipimwe kituo cha afya.