Kichina: uanzie Nairobi ama uende China moja kwa moja?

Wanafunzi wa sayansi hawachoki kuniuliza hii. Kwa pesa, Taasisi ya Confucius, kituo cha kufunza Kichina pale Chuo Kikuu cha Nairobi, ya kwanza Afrika tangu 2005, inashinda, unalipa karo na nauli ya matatu basi, shida ukitoka darasani ni Sheng hadi nyumbani na zile toni nne za Kichina, sauti za kupanda na kushuka zinazobadilisha maana ya neno, zinayeyuka. China utaongea upende usipende, sokoni, kwa maabara, na skolashipu ya serikali yao ukiipata inabeba karo, malazi na yuan 2,500 kwa mwezi kwa wa digrii ya kwanza. Lakini hayo makaratasi, wueh! Pasipoti, transkripti, medikali, viza. Huna HSK yoyote, ule mtihani wa kupima Kichina? Anzia hapa. Profesa wa maabara kule China ashakukubali? Tuma fomu ya skolashipu sasa.