Huduma ya CWGC ya kutafuta waliokufa vitani: tathmini kupitia jina la Rupert Inglis

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, inayofahamika kwa kifupi CWGC, hutoa bila malipo huduma ya mtandaoni ya kutafuta majina ya wanajeshi waliokufa katika vita vikuu viwili vya dunia. Nimeijaribu kwa jina la Rupert Inglis, mchezaji wa mbele wa raga aliyeichezea England mechi 3 mwaka 1886, kisha akawa kasisi wa Kanisa la Anglikana na kuongoza parishi ya Frittenden, Kent, tangu mwaka 1900.

Jina la ukoo peke yake huleta akina Inglis wengi, lakini ukiongeza tarehe ya kifo, 18 Septemba 1916, orodha hupungua. Rekodi hutaja cheo chake cha ukasisi wa jeshi, Kasisi wa Daraja la Nne, ambacho ni sawa na kapteni, pamoja na mahali jina lake lilipochongwa, yaani mnara wa Thiepval nchini Ufaransa. Hapo ndipo huduma inapostahili sifa, kwa kuwa mnara huo una majina zaidi ya 72,000 ya watu wasio na kaburi linalojulikana, yamegawanywa kwenye nguzo 16, na asiyejua nguzo wala upande wake anaweza kushinda pale akizunguka na shingo ikimuuma.

Kuhusu maisha yenyewe, rekodi ni kavu. Haielezi kwa nini mtu wa miaka 52 aliacha parishi yake mwaka 1915, ingawa yeye mwenyewe aliwaandikia waumini kwamba ilimwia vigumu kuwahimiza wengine wakabili hatari huku yeye akikaa nyumbani raha mustarehe. Wala haisemi kwamba karibu na Ginchy, kijiji cha Ufaransa, alitoka na wabeba machela kuwafuata majeruhi, kipande cha kombora kikampiga, na alipokuwa akifungwa jeraha kombora la pili likamuua.

Sioni haki kuilaumu Tume kwa hilo, maana maelezo ya ziada yalitegemea sana fomu walizotumiwa jamaa baada ya vita, na si kila familia ilijibu kwa kirefu. Kwa anayetafuta kaburi au jina ukutani, naipendekeza bila kusita. Anayetaka kumjua Inglis mwenyewe atafute barua alizomwandikia mkewe kutoka Ufaransa.