Mashine ya matundu ya mraba, mtumba wa Uingereza: uzoefu wangu

Tangu niiweke bandani kwangu Fuoni, Unguja, kila seremala anayepita anauliza bei kabla hata hajamaliza salamu. Basi naandika mara moja, anayetaka asome.

Ni ile mashine ya kusimama yenye patasi ya mraba iliyo tupu ndani, na biti inayozunguka humo humo. Biti inatoboa duara, patasi inamalizia pembe nne, vumbi na chembe za mbao zinatokea dirishani ubavuni mwa patasi. Yangu ni chuma kizito cha kusubu, imeshuka na kontena la vyombo vya mtumba. Nilitoa shilingi 1,100,000. Kama kazi yako ni kuunga fremu za milango, madirisha na vitanda, inunue. Kama wewe ni mchongaji wa nakshi, haitokusaidia kitu, pesa yako nunua mbao.

Bei ilikuwa chini kwa sababu mota yake ni ya fezi tatu, na mabanda yetu mengi yana fezi moja. Muuzaji alinambia "ukifika nyumbani unachomeka tu". Hapo bohari kwake hapakuwa na umeme wa kuijaribia, kwa hivyo maneno yake hayakumgharimu kitu. Ukikutana na mashine kama hii usimsikilize mtu, soma kibati cha mota. Ukiona imeandikwa 230/400 au 240/415, pamoja na alama ya pembetatu na herufi Y, basi inaokoleka. Unafungua kisanduku cha nyaya, ndani mna skrubu sita na vibao vitatu vya shaba. Vikiwa vimelazwa mstari mmoja, hiyo ni Y, inataka umeme mkubwa. Ukivisimamisha, kila kimoja kikaunga skrubu ya juu na ya chini, hiyo ni pembetatu, na inveta ndogo inayopokea fezi moja ya nyumbani na kutoa tatu itaizungusha bila wasiwasi. Kibati kikionesha 400 peke yake, au 415 peke yake, mwache nayo.

Wapo watakaokwambia utoe mota hiyo ufunge ya pampu ya maji. Kwa mashine nyengine, sawa. Kwa hii haiwezekani kirahisi, maana mota imekaa juu ya patasi na shafti yake ndiyo inayoshika biti. Ukibadilisha mota umebadilisha mashine nzima.

Mambo mengine niliyoyatazama pale pale chini: nilizungusha shafti kwa mkono nikasikia mchanga ndani ya beringi. Hilo halikunitisha, zilikuwa namba 6204 na zinapatikana duka lolote la vipuri. Kutu ya juu ya meza nayo si neno, msasa na mafuta ya taa. Nilichokitazama kwa muda mrefu ni kile kichwa kinachopanda na kushuka. Nilikishika kwa mikono miwili nikakitikisa kulia na kushoto. Kikicheza, tundu halitokwenda wima, na ulimi, yaani ile ncha ya mbao inayoingia tunduni, utaingia umepinda hata ukiukata kwa ustadi gani. Changu kilikuwa kinacheza kidogo, skrubu za ubavuni zikakibana.

Sasa tuje kwenye patasi, maana hapa ndipo pesa inapokwenda. Mashine ilikuja na patasi moja kibogoyo. Mpya zinauzwa, lakini vikonyo vyake, yaani sehemu inayoingia kwenye mashine, havilingani: ziko za inchi 5/8, za 3/4 na za 13/16. Tundu la mashine yangu ni 13/16, patasi nilizopata Kariakoo ni za milimita 19, ambayo ndiyo 3/4 hiyo hiyo. Fundi wa leti akanikerezea bushi ya shaba, akaipasua upande mmoja ili ibane. Imekaa vizuri mpaka leo. Kabla hujamtuma mtu Dar, pima kwanza kwa kalipa, usitume kwa kukisia.

Na patasi mpya isikudanganye kwa kung'ara, nyingi zinatoka dukani butu. Inanolewa kwa ndani tu, kwa jiwe la umbo la pia. Nje unaisugua kidogo iwe laini, basi. Ukiitia tupa nje unaipunguza upana na itaanza kukwama shimoni.

Kuifunga kuna ujanja wake. Biti isigusane na mdomo wa patasi. Ikigusana inapiga kelele, inatoa moshi, na chuma kinageuka buluu, hapo ukali umekwisha. Mimi naweka sarafu ya shilingi mia kati ya bega la patasi na mashine, nasukuma biti juu mpaka igote, naikaza, kisha natoa sarafu na kupandisha patasi. Unene wa sarafu ndiyo nafasi inayobaki. Halafu naitazama patasi kwa skwea iliyoegemea ukuta wa meza. Ikiwa imepinda hata nywele, kingo za tundu zinatoka na meno ya msumeno.

Mninga unakatika kwa raha. Mfenesi pia, ila chembe zake hunasa ndani ya patasi, kwa hivyo napandisha mkono mara kwa mara zimwagike. Msaji unakula makali upesi kwa sababu una chembe za silika ndani yake. Mkongo ni mgumu, lakini mwaminifu: unajua unachopambana nacho. Ninaouogopa ni mvule, kwa vile vijiwe vyeupe vinavyojificha katikati ya ubao. Unashusha mkono, mara tiki, biti imevunjika ncha.

Tundu refu usilichimbe kwa mapigo yanayofuatana. Anza na ncha mbili za tundu, ruka, acha kipande, kisha rudi umalizie vilivyobaki. Ukichimba ukingo kwa ukingo, biti inakimbilia upande uliokwisha kuwa wazi na inapinda. Dirisha la patasi nalo lielekee pembeni, kwenye shimo lililokwisha kukatwa, lisielekee kwako.

Umeme: saa za jioni unapopungua nguvu, mota inalalamika kwenye mkongo, basi naiachia kazi hiyo asubuhi. Tukuza, ile mita ya umeme wa kulipia kabla, haijanishtua, mota ni ya farasi mmoja na haizunguki mfululizo. Adui mkubwa ni hewa ya chumvi. Wakati wa masika nikiacha meza bila mafuta, kesho yake ina madoa. Napaka, nafunika kwa turubai.

Yapo isiyoyaweza. Juzi nilipata kazi ya mlango mzee wa Mji Mkongwe, miimo yake minene na kizingiti kizito cha juu, hakuna namna ya kuipitisha chini ya kichwa cha mashine. Hapo niliteremsha juba, patasi ya mkono ya kuchimbia matundu, na nyundo ya mti, nikakaa chini kama zamani. Ila kwa vitanda, tundu ambalo lilikuwa likinichukua kikombe kizima cha kahawa sasa linakwisha kahawa haijapoa, na yote yana kina kimoja kwa sababu ya kizuizi cha mkono. Mwanafunzi wangu anayafanya peke yake. Kuchora mistari bado nachora mwenyewe.

Patasi za milimita 10 na 12 zinatosha kwa kuanzia. Ya 16 nimeagiza, haijafika.