Uzoefu wangu na trei za keki za shimo: tatu nilizotumia mpaka keki ikaacha kunigandia

Jamani naandika hii kwa ajili ya wenzangu mnaooka nyumbani, hasa mnaochukua oda, kwa sababu mi imenigharimu mayai na sukari nyingi mpaka kufika hapa na sitaki mtu mwingine apite nilipopita.

Mwaka jana jirani yangu alinipa oda ya keki ya arobaini ya mtoto wake, akasema hataki krimu wala mapambo, anataka keki ya limao, ile yenye shimo katikati na mifereji pembeni, inyunyiziwe sukari ya unga juu basi. Nikaipaka trei siagi vizuri kabisa, nikanyunyiza unga, nikaoka, harufu mpaka kwenye korido. Nikaiacha ipoe kabisa maana ndo nilivyozoea kwa keki za kawaida, halafu nikaweka sahani juu nikageuza. Kimya. Nikagonga na kijiko cha mwiko, kimya. Nikagonga tena kwa nguvu, ikashuka nusu, yaani ule upande wa chini wa keki umetoka mzima lakini mifereji yote imebaki ndani, imeng'ang'ania kwenye bati kama ukoko wa wali. Hiyo ni saa nne asubuhi na shughuli inaanza saa saba mchana. Nikaoka nyingine haraka kwenye trei ya duara ya kawaida nikapeleka, mama wa mtoto aliipokea vizuri tu wala hakulalamika, ila mi sikulala vizuri siku ile, kwa sababu mtu alikuwa ameniambia kabisa anachotaka na sikumpa.

Basi nianze na hiyo trei yenyewe. Nilinunua Kariakoo 12,000, nyeusi, inang'aa, nzuri kwa macho. Ila ni bati jembamba, ukibonyeza pembeni kwa kidole gumba inabonyea. Bati jembamba kwenye oveni ya gesi linapokea moto kwa pupa, pale moto ulipo mkali ndo keki inaungua pale pale na kwingine bado nyeupe, na rangi nyeusi inaongeza kwa sababu chombo cheusi kinanyonya joto kuliko cheupe. Nikishusha oveni kutoka 175 mpaka 160 inakuwa afadhali kidogo, lakini si sana. Halafu kuna kitu sikukiona dukani, nimekiona nyumbani nikiosha: lile bomba la katikati limeungwa na mwili wa trei, si kipande kimoja, sasa pale kwenye kiungio kuna kaufa kadogo kanazunguka bomba zima. Uji wa keki unaingia mle, unaiva mle, unashika mle. Hata upake nini haitoki salama sehemu ile. Miezi sita baadae utando wa juu ukaanza kubanduka vipande vidogo na chini yake kutu, unajua tena unyevu wa Dar, nikaitupa. Sitaki kumlisha mtoto wa mtu vile vipande.

Ya pili ilikuwa ya silikoni, nyekundu, 18,000. Hii kwa kutoa keki si mbaya maana unaipindua na kuivuta kwa nje kama unavua soksi. Lakini haishiki joto, keki inatoka imepauka, ule ukoko mwembamba wa kahawia unaofanya mifereji ionekane haupo, na mistari yenyewe inatoka imelala laini haina umbo. Na kuibeba ikiwa imejaa ni kazi, inayumba, lazima uiweke juu ya trei bapa ndo uisogeze mpaka kwenye oveni. Saivi naitumia kugandishia barafu ya juisi kubwa ya kuweka kwenye bakuli la shughuli, kwa hilo inafaa sana.

Ya tatu ndo hii ninayoitumia mpaka leo. Dada yangu anaishi Minneapolis kule Marekani, nilipomsimulia habari ya arobaini akaniambia mdogo wangu, hizo trei zilianzia huku huku kwetu, kiwanda kipo hapo St. Louis Park jirani tu na mjini. Kumbe ni kweli. Nordic Ware ilianzishwa 1946 na mume na mke, Dave na Dorothy Dalquist, na mwaka 1950 kina mama wa chama cha Kiyahudi cha Hadassah walimfuata huyo Dave wakamwomba awatengenezee chombo kama walichokuwa nacho wazee wao Ulaya, cha keki wanayoiita gugelhupf, kile cha kale ni kizito wao wakataka cha alumini. Akatengeneza, akaongeza ile mifereji, akaiita Bundt. Miaka mingi haikuuza sana mpaka 1966, mama mmoja wa Texas anaitwa Ella Helfrich akashika nafasi ya pili kwenye mashindano ya kuoka ya Pillsbury, kampuni ya unga ya huko huko Marekani, kwa keki ya chokoleti aliyoiokea humo, basi kila nyumba ikaitaka. Mi hiyo habari niliipenda kwa sababu ni kina mama ndo walijua wanataka nini, fundi akawasikiliza.

Dada akanitumia kwa mtu aliyekuwa anakuja. Ukiishika tu unajua. Ni alumini nene iliyomiminwa kwenye kalibu, kipande kimoja, bomba na mwili vimezaliwa pamoja hakuna kiungio, nzito, na ina vishikio viwili pembeni ambavyo mwanzoni niliviona vya urembo, kumbe wakati wa kugeuza na trei ya moto ndo unavihitaji. Joto linatembea humo sawasawa, keki inapata rangi moja kuanzia juu mpaka chini ya mfereji. Dada alitaka kuninunulia ile yenye umbo la ua la waridi nikamkataza, nikasema nipe ile ya zamani yenye mifereji mipana ya mviringo. Na hapa naomba mnisikilize sana wanaotaka kununua: umbo ni muhimu kama madini yenyewe. Kadiri kona zinavyokuwa kali na nyembamba ndo sehemu za keki kukatika zinavyoongezeka. Zile za ngome, sijui majani, theluji, ni nzuri kwenye picha lakini kama ndo unaanza chukua mifereji mipana. Baadae utahamia.

Sasa nisiwadanganye, keki ya kwanza kwenye trei hii nzuri nayo iligandia! Si yote, vipande vitatu hivi vya juu. Nikasikitika mno maana nilidhani nimemaliza. Aliyenitoa hapo ni mama mdogo wa Tanga alikuja kunitembelea, akanikuta napaka siagi kwa kidole, akasimama pale mlangoni mwa jiko akaniuliza, "Mwanangu, samli huna?" Nikamwambia ninayo ya pilau. Akasema, "Lete hiyo. Siagi ina maziwa ndani yake, maziwa yakipata moto yanashika chombo. Hujawahi kuona chungu cha maziwa?"

Jamani ni hilo tu. Siagi ni mafuta kama asilimia 80 hivi, kinachobaki kingi ni maji na mabaki ya maziwa. Maji yanafanya mafuta yaachane achane kwenye ukuta wa trei, na yale mabaki ya maziwa yanaungua yanageuka gundi. Margarini nayo ina maji. Samli imeshachemshwa, maji yameondoka na mashapo yamechujwa, ni mafuta matupu. Mafuta ya mgando ya kupikia, yale meupe ya kopo, nayo ni mafuta matupu na yanafanya kazi vile vile, ila mi samli naipendea na harufu.

Ninavyofanya saivi ni hivi. Nayeyusha samli kijiko kimoja cha chakula, nachanganya na unga wa ngano kijiko kimoja mpaka iwe kama rangi ya kuta, nzito kidogo inayopakika. Napaka kwa brashi ndogo, si kidole, kidole hakifiki chini ya mfereji. Naanza na bomba la katikati kwa sababu ndo watu wanalisahau na ndo keki inapokatikia, halafu napita mfereji mmoja mmoja kutoka chini kwenda juu. Nikimaliza nawasha tochi ya simu namulika ndani, popote panapong'aa pakavu narudia. Kama keki ni ya chokoleti natumia kakao badala ya unga, vinginevyo keki inatoka na mabaka meupe. Na hii naifanya mwisho kabisa, uji wa keki ukiwa tayari kwenye bakuli. Mwanzo nilikuwa napaka kwanza ndo nianze kupiga mayai, kwa joto la hapa samli inateremka yote inajikusanya chini, kuta zinabaki uchi.

Mafuta ya kupuliza ya kopo sikushauri kama trei yako ina utando wa kutogandisha. Mengi yana lesithini, kitu kinachotiwa ili mafuta yachanganyike vizuri, ukitumia mara kwa mara inaacha utando wa njano unaonata ambao hautoki kwa sabuni, na mwisho wake ndo inagandisha zaidi.

Kuhusu muda wa kutoa, hapa ndo kosa langu la arobaini lilipokuwa. Keki ikitoka tu kwenye oveni ni laini mno, ukigeuza inapasuka. Ukiiacha ipoe kabisa, mvuke unarudi kuwa maji pembeni, sukari iliyoyeyuka inakauka na kushika. Mi naweka dakika 10 kwenye simu, simu ikilia nashika vile vishikio na kitambaa nazungusha trei kidogo kushoto kulia, kama imeachia utaiona keki inacheza nzima nzima. Kama haichezi nagonga taratibu juu ya taulo lililokunjwa. Ndo nageuza, naiacha kama dakika mbili sivuti, mara nasikia ule mlio mdogo, pu, imeshuka. Ikikataa kabisa usiingize kisu, utachora utando na utakata mfereji. Chovya kitambaa kwenye maji ya moto, kamua, funika mgongo wa trei ikiwa bado imegeuzwa, subiri dakika chache. Ile samli iliyoganda inalainika tena inaachia. Imeniokoa mara mbili.

Swali ninaloulizwa sana ni ukubwa. Trei yangu ni ya vikombe 12, kama lita 2.8. Usiamini maandishi ya kwenye boksi, jaza maji kwa kikombe chako cha kupimia uhesabu. Keki ya vikombe vitatu vya unga inakaa humo vizuri, ukijaza mpaka robo tatu basi, ukizidisha inafura inamwagikia bombani na ule ukingo ulioungua unaifunga keki isitoke. Nikishamimina naibamiza trei mezani mara tatu nne kutoa hewa, maana povu la hewa likikaa kwenye mfereji keki inatoka na tundu la ajabu usoni.

Na si kila keki inafaa. Inayopenda trei hii ni ile nzito yenye mafuta ya kutosha, ya siagi, ya maziwa mgando, ya ndizi mbivu, ya tui la nazi na iliki. Ukitia vipande vya tende au zabibu vikoroge na unga kidogo visizame, kikizama kimoja kikakaa chini ya mfereji sukari yake inaungua na hapo ndo panaposhika.

Usafi ni maji ya uvuguvugu na sponji laini, mswaki wa zamani kwa mifereji, kufuta na kuianika hapo hapo. Steliwaya kamwe.

Kwa asiye na mtu wa kumtumia, hata hapa mjini zinapatikana za alumini nene kwenye maduka ya vyombo vya kuokea, jina la kampuni lisikusumbue sana. Bonyeza pembeni kwa kidole isibonyee, pitisha kucha kuzunguka bomba usikie kama kuna kiungio, mulika ndani uone kama mifereji ni laini haina vishimo. Ikipita hayo matatu nunua, hata ikiwa 60,000 au 70,000, mimi ya 12,000 nimeitupa na keki zilizoharibikia humo sijazihesabu.

Nilichoshindwa mpaka sasa ni mkate wa mayai. Nimejaribu mara mbili kwenye trei hii, ule hauna mafuta, ni mayai na sukari na unga, unashika kuta wakati unapanda na hauachii hata kwa samli. Mama mdogo anasema ule niuache kwenye sufuria yake ya Tanga, makaa chini na makaa juu ya mfuniko, na karatasi chini. Ndo ninavyofanya.