Pasi ya tamasha la filamu huru na kadi ya kura: uzoefu wangu

Pasi nyingi zinakupa ruhusa ya kuingia, hazikupi kiti. Bado utachukua tiketi ya kila filamu, na usipokuwa umeingia dakika 15 kabla ya onesho, kiti chako anapewa mtu wa foleni ya kusubiri. Kwa hiyo kabla ya kununua, gawanya bei ya pasi kwa bei ya tiketi moja. Jibu likizidi idadi ya filamu utakazoziona kweli, si zile ulizozitia alama kwenye ratiba, pasi haikufai. Filamu ndefu huenda dakika 80 hadi 110, maswali na majibu 20, kutoka na kupanga foleni upya 30. Nne kwa siku zinawezekana. Mimi hukomea tatu, maana filamu ya polepole ikiangukia nafasi ya nne inaponzwa na usingizi wa mtazamaji.

Filamu nyingi huoneshwa mara mbili au tatu. Onesho la kwanza hujaa waigizaji, mafundi na ndugu zao, watu wanaocheka hata pasipochekesha. Kama lengo ni kuhukumu kazi, chukua tiketi ya onesho la pili. Kaa katikati, kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka mbele. Wachanganya sauti nao hufanyia kazi karibu na hapo, hivyo unasikia kile walichokisikia wao.

Jambo linalowapotosha wengi ni kuiadhibu filamu kwa makosa ya ukumbi. Maneno ya waigizaji yakiwa chini, kumbuka matangazo yaliyotangulia. Kama nayo yalikuwa hafifu, fundi ameshusha sauti: kipimo sanifu kwenye kidhibiti sauti cha mitambo ya sinema ni 7, na kumbi nyingi hukaa kwenye 5 kwa kuogopa malalamiko. Toka ukamwambie mhudumu mapema, hurekebishwa kwa sekunde chache. Lakini ukisikia mvumo wa chumba unapanda na kushuka kila kamera inapohama kutoka kwa msemaji mmoja kwenda kwa mwingine, hapo ukumbi hauna kosa. Mhariri hakutandika sauti ya mazingira chini ya mazungumzo. Hiyo naikata alama.

Picha nayo ina alama zake. Tazama mkono wa mtu anayetembea wakati kamera inamfuata: ukiruka kidogo mara moja kila sekunde, kwa mdundo usiobadilika, filamu ilipigwa kwa fremu (picha moja moja zinazounda mwendo) 25 kwa sekunde, kisha ikageuzwa kuwa 24 kwa kutupa fremu moja. Njia safi ni kuipunguza mwendo kwa asilimia 4 na kurekebisha sauti. Ukiona mipaka myeusi pande zote nne za picha, filamu pana imewekwa ndani ya faili ya umbo jingine. Mwenye projekta hana la kufanya. Na onesho likichelewa bila maelezo, mara nyingi ni ufunguo wa kidijitali: faili iliyofungwa hufunguka kwenye mtambo mmoja na kwa saa zilizotajwa tu, kwa hiyo filamu ikihamishiwa ukumbi mwingine dakika za mwisho, haifunguki mpaka uletwe ufunguo mpya. Hapo usimlaumu mwongozaji.

Sasa kadi ya kura, ile yenye 1 hadi 5 pembeni unayoichana kwenye namba yako. Matamasha mengine hayaichukulii kimzaha: Toronto tuzo ya watazamaji ipo tangu 1978, na ndiyo inayosubiriwa kuliko zote. Lakini hesabu yake inahitaji macho. Kwa kawaida washindi hupangwa kwa wastani. Chukua ukumbi wa watu 60, ambamo 25 ni wa upande wa filamu na wanatoa 5, wengine 35 wanatoa 3. Wastani ni 3.83. Wapeleke hao hao 25 kwenye ukumbi wa watu 400, waliobaki wakitoa 3 vilevile, wastani unashuka hadi 3.13. Filamu ni ile ile! Ndiyo maana orodha ya wanaoongoza naisoma nikiwa na ukubwa wa kumbi mkononi.

Mimi huchana kadi wakati majina yanapita, kabla taa hazijawaka na mwongozaji hajapanda jukwaani. Akishaeleza kwamba waliishiwa fedha siku ya tano na mama yake akawapikia, mkono wa mtu unasogea wenyewe kutoka 3 hadi 4. 5 naiweka kwa filamu ambayo ningelipia tena kesho yake. 3 ni filamu iliyotimiza ilichoahidi. Kura za simu ni dhaifu zaidi: kiungo hufungwa baada ya muda, na mtandao ndani ya ukumbi husuasua, kwa hiyo msimbo wa kura ukioneshwa kwenye skrini ya ukumbi, upige picha kwa simu, kisha upige kura ukiwa nje.

Kutazama filamu za tamasha nyumbani kwa mtandao napa alama 3 kati ya 5. Mara nyingi ukishabonyeza kucheza una saa 48, na saa hazisimami ukisitisha. Sauti ikitoka huku picha ni nyeusi kwenye televisheni, mara nyingi kosa ni kinga dhidi ya kunakili kukataa kebo au adapta. Jaribu kebo nyingine au programu iliyo ndani ya televisheni. Fanya jaribio hilo kwa video ya majaribio, usilifanye kwa filamu yenyewe.

Filamu fupi zinataka mkono mwepesi. Hupangwa tano hadi saba katika dakika 90, na ukingoja mwisho, ya pili imeshafutwa na ya sita. Andika namba na neno moja kila giza linapoingia kati ya filamu na filamu, kwa kalamu. Mwanga wa simu unamuudhi jirani.