Maonyesho ya mablanketi ya viraka Arua: kifungo changu nilikitia wapi

Mimi ni fundi cherehani, mwaka wa 14 huu, na kazi ya fundi huwa naipima kwa upande wa ndani. Ndiyo maana Jumamosi iliyopita nilifurahi sana kwenye maonyesho ya mablanketi ya viraka hapa Arua, Uganda. Mlangoni wanakuomba unawe mikono uikaushe, basi. Baada ya hapo gusa unachotaka. Blanketi lolote unaruhusiwa kulipindua uone mgongo wake.

Kiingilio shilingi 5,000, watoto bure. Ukilipa unapewa kifungo kimoja cha shati, na hicho ndicho kura yako. Mbele ya kila blanketi kuna kopo la maziwa ya unga. Unatumbukiza kifungo kwenye kopo la blanketi ulilolipenda kuliko yote. Hakuna majaji wala meza ya wakubwa.

Kwa asiyejua, blanketi la namna hii, ambalo wengine huliita mfarishi, lina tabaka tatu: juu viraka vilivyounganishwa, katikati pamba, chini bitana. Mshono hupita zote tatu ili pamba isijikusanye upande mmoja likifuliwa. Kiraka ukikikata inchi 5 kwa 5, mshono unakula robo inchi kila upande, zinabaki 4 na nusu. Ukipotoka kidogo tu kwenye kila kiraka, ukifika cha 12 safu mbili hazikutani tena. Niliona ya vitenge ambayo pembe zilikutana barabara. Niliona na moja zuri la nyekundu na nyeupe ambalo nyekundu ilikuwa imeingia kwenye nyeupe, roho ikaniuma. Jamani, kitenge kipya hurudi na huchuja. Kifueni kabla ya kukikata.

Lililopata vifungo vingi kuliko yote ni la milaya. Akina mama wa Sudan Kusini walioko huku West Nile wanasifika kwa milaya, zile shuka za kitanda zinazotariziwa maua na ndege kwa mkono. Mwenye hili anaishi makazi ya Bidi Bidi, kule Yumbe. Alichukua milaya yake ya zamani, akaiwekea pamba na bitana, akapiga bandi, yaani mshono wa muda wa kuyashika matabaka, kisha akashona kuzunguka kila ndege bila sindano kugusa tarizi. Nilipolipindua, ndege walewale walikuwepo kwa mshono mtupu, hawana rangi, wamevimba kidogo kwenye kitambaa cheupe. Nilisimama pale hadi watu wakaniomba nipishe. Kopo lake lilijaa likaletwa la pili, na ushindi huo ni halali yake.

La lubugo, yaani kitambaa cha gome la mti, nalo lilizungukwa na watu, wengi wao vijana. Gome la mti wa mutuba hubanduliwa bila kuua mti, hupondwa kwa nyundo za mbao mpaka lilainike, na shina hufungwa majani ya mgomba liote gome jingine. UNESCO iliutambua ufundi huo mwaka 2005. Ni kazi ya heshima kubwa, lakini mimi naangalia blanketi la kulalia, na lubugo huwezi kulisugua kwenye beseni. Hilo ningelitundika ukutani.

Kifungo changu nilikitia kwenye kopo la kona ya nyuma, kwa mama mmoja mtu mzima aliyeshona blanketi lake kwa sare za shule za watoto wake. Kaki, buluu, kijani iliyopauka. Mifuko ya mashati hakuibandua. Kwenye mmoja kuna doa la rangi ya chai, nikamuuliza, "Mama, hili umeliacha makusudi?"

"Huyu alikuwa anaficha embe mfukoni, mwanangu. Nilifua mpaka nikachoka. Sasa ameoa."

Nililitafuta fundo nyuma nzima sikuliona hata moja. Akanionyesha: unafunga fundo dogo karibu na kitambaa, unachoma sindano palepale, unavuta kidogo kwa nguvu, fundo linapenya bitana na kubaki ndani ya pamba. Miaka yote hii mimi nakata uzi na kuacha mkia.

Nawapa nyota 4 kati ya 5. Ile kona ya nyuma ilikuwa na giza, ni haki ya yule mama kuwekwa penye mwanga. Kadi za maelezo nazo ziliandikwa kwa Kiingereza tu, wakati watu tuliokuwa mle ndani tulikuwa tunaulizana kwa Kiswahili na Kilugbara. Vijana wa mlangoni walitufasiria kwa moyo mweupe, ila hawakuweza kuwa kila mahali.

Yule mama ameniambia nikamwone nyumbani kwake Jumamosi hii. Nitabeba sindano, uzi, na sare ya binti yangu ya darasa la kwanza ambayo nilikuwa nimeshaifanya tambara.