Jibu sahihi, alama sifuri: uzoefu wangu na programu ya chemshabongo ya kulipia

"Tatizo ni mtandao wa shule yenu. Tafuteni mtandao wenye kasi." Hilo ndilo jibu zima nililoletewa na huduma kwa wateja, baada ya kuwaandikia maelezo marefu na picha za skrini juu. Hakuna pole, hakuna hata swali moja la kutaka kujua kilichotokea. Tena tumeshawalipa kifurushi cha mwaka mzima! Jina la programu silitaji, lakini kasoro yake kila mwalimu anayetaka kutumia michezo ya maswali darasani aijue kabla hajatoa hela.

Kasoro iko kwenye kipima muda. Swali likitoka, saa inaanza kuhesabu kwenye seva yao, yaani kompyuta yao kuu ya mtandaoni, haisubiri swali lifike kwenye kifaa cha mwanafunzi. Na alama zinafuata kasi: ukijibu papo hapo unapata 1000, ukijibu dakika za majeruhi unapata 500, hapo katikati zinashuka kidogo kidogo. Sasa piga hesabu kwa swali la sekunde 20. Kundi lililofikiri kwa sekunde 8 haki yake ni alama 800. Kishikwambi chao kikipokea swali kwa kuchelewa sekunde 10, seva inaandika kwamba wamejibu sekunde ya 18, wanapewa 550. Kikichelewa sekunde 13 wameshapita muda, wanapata sifuri, hata kama jibu ni sahihi kabisa.

Nimeliona hili kwa macho. Kidato cha Pili, somo la Kiswahili, ngeli za nomino. Wanafunzi wamekaa watano watano kwenye vishikwambi vya walimu, vile vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 kabla ya kugawiwa walimu. Swali: nomino "ugonjwa" iko ngeli gani? Kundi la dirishani wakanong'onezana, wakakubaliana U-YA, binti aliyeshika kishikwambi akabonyeza. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kisha skrini yote ikawa nyekundu: muda umekwisha. Kwenye projekta jina la kundi lao likaporomoka hadi mkiani, mbele ya darasa zima, muziki unapigwa. Yule binti akamsogezea mwenzake kishikwambi, hakukigusa tena hadi kengele ikalia.

Mtoto amejua, amejibu, ameaibishwa. Siwezi kuliita hilo kumpa hamasa.

Haya, tuuzungumzie huo mtandao wanaousingizia. Hotspoti ya simu nyingi za Android inapokea vifaa 8 au 10 tu, kwa hiyo darasa la vifaa 12 linahitaji simu mbili au ruta. Picha kwenye swali ndizo zinazoua: picha ya MB 3 ikienda kwenye vifaa 10 kwa mpigo ni MB 30 zinazopita kwenye laini moja ya simu, na hapo saa inakimbia. Ipunguze hadi KB 100 na mzigo wote unakuwa MB 1. Zima muziki na vikatuni. Washa kiokoa data kwenye kila kifaa, la sivyo kimoja kitaanza kusasisha programu zake katikati ya mchezo na kula bando lote. Waingize wanafunzi kwa mafungu, kundi baada ya kundi, usiwaache wote waandike namba ya kuingilia kwa pamoja. Mambo haya yanaingia kwenye ujumbe mmoja mfupi. Mtu wa huduma kwa wateja hakuandika hata moja.

Na ukiyafanya yote, uchelewaji unapungua, hauishi. Dawa yenyewe wanayo wao: saa ianze pale kifaa kinapoonyesha swali.

Kwa haki yao, niseme na hili. Ndani kabisa ya mipangilio kuna sehemu ya kuondoa alama za kasi. Ukiondoa, halafu ukaweka sekunde 90 kwa swali, darasa linabadilika kabisa. Makundi yanaanza kubishana kwa hoja, yule anayesinziaga nyuma anasimama kutetea jibu lake, na ripoti ya mwisho inakuwa dhahabu kwa mwalimu aliyetunga kwa makini yale machaguo yasiyo sahihi. Kwa swali lile la "ugonjwa", aliyechagua U-ZI amezoea ukuta–kuta na anadhani kila nomino ya u- inakwenda hivyo. Aliyechagua LI-YA ameangalia wingi tu, magonjwa. Aliyechagua U-U ameifananisha na uji, hajui kama ina wingi. Makosa matatu, masomo matatu ya kurudia kesho yake, na umeyajua ndani ya dakika mbili bila kusahihisha daftari hata moja. Kwa hilo peke yake nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Halafu nikaangalia toleo la bure, ambalo nilitaka kulipendekeza kwa shule jirani. Sehemu ya kuondoa alama za kasi haimo! Ni ya wanaolipia tu. Yaani shule isiyo na hela, ambayo ndiyo yenye mtandao dhaifu zaidi, ndiyo inayolazimishwa kucheza mchezo wa kasi. Nimekasirika upya. Nyota nne zimefutika.

Kama darasa lako ni kubwa na vifaa hakuna, acheni habari hizi, jaribuni programu ya Plickers. Mwanafunzi hashiki kifaa chochote, anashika kadi ya karatasi yenye alama nyeusi. Kila upande kati ya pande nne za alama hiyo una herufi, A hadi D, na herufi iliyo juu ndiyo jibu lake. Mwalimu anapitisha kamera ya simu darasani, majibu yanasomwa. Bando ni la simu ya mwalimu peke yake. Seti ya kawaida ina kadi 40, kubwa ina 63, na herufi zimeandikwa ndogo ili jirani asiibie. Chapisha kwenye karatasi ngumu. Usizifunike kwa plastiki inayong'aa, mwanga ukirudi kamera haisomi. Wafundishe kushika pembeni, kidole kikiziba ile alama nyeusi kadi haisomeki. Darasa lenye madirisha nyuma ya wanafunzi lina shida, simama upande ambao jua halikupigi usoni. Haina muziki wala vinara, na darasa litakuwa tulivu kuliko ulivyotarajia. Mimi naona ni faida, wengine watasema inachosha.

Kwa ile ya kulipia natoa nyota mbili. Wenye ruta nzuri na kifurushi kamili wanaweza kuona tatu, sitabishana nao. Ila ukijiunga, kumbuka usajili unajirudia wenyewe mwaka ukiisha na hela inakatwa kwenye kadi bila kuulizwa. Ingia sehemu ya malipo mapema uzime kujirudia, na hifadhi picha ya skrini inayoonyesha umezima, kwa sababu ukija kudai hela yako atakayekujibu ni yuleyule wa "tafuteni mtandao".